Filamu Saba na Mdomo Wangu

Jumapili, 9 Februari

Nimepewa ghala! Kwa wiki moja tu ya majaribio, lakini amepewa mtu, na mtu huyo ni mimi, Caleb Komora, umri miaka arobaini na minne, mtu wa sinema.

Ghala ni la chama cha wakulima wa mpunga hapa Garsen. Liko tupu tangu wanunuzi waanze kupakia mzigo shambani moja kwa moja. Tulioliomba ni wawili. Mimi, niwaonyeshe watu filamu za dunia. Na Abdiwahid mwenye duka, awaonyeshe mpira, kana kwamba hawauoni kila siku pale kibarazani kwake. Mwenyekiti wa chama ni Teresia, dada mkubwa wa mke wangu. Alitangaza kwamba undugu hautahesabiwa, kisha akanitazama nikaona kwamba kweli hautahesabiwa. Nionyeshe filamu moja kila siku, saa kumi jioni, hadi Jumamosi. Jumapili ijayo baada ya kanisa kamati itaamua. Watu wakija, ghala ni langu mwaka mzima. Wasipokuja, ni la Abdiwahid.

Joy, mke wangu, ana sharti lake pia. Amenikumbusha kibanda changu cha kinyozi. Amenikumbusha studio ya picha iliyokwenda na mafuriko, na biashara ya barafu, ambayo yeye huiita biashara ya maji. Hili ndilo la mwisho, amesema. Nikishindwa, naenda Wenje kwenye shamba la kaka yake kufukuza ndege wanaokula mpunga. Ili nisidhani anatania, ameanza kusuka kombeo la kutupia mawe.

Sitashindwa. Orodha nimeshaiandika mlangoni kwa chaki: Filamu Saba Ambazo Usipoziona Umeishi Bure. Siku ni sita, lakini saba inasomeka vizuri zaidi. Kuna ya kutisha, ya mapenzi, ya kijasusi, ya kuchekesha. Kuna Korea, Misri, India na nchi moja ya baridi ambayo jina lake silitamki mbele za watu. Nimeziona mbili. Moja niliiona nusu.

Lugha zao sizijui, lakini nina kipaza sauti cha mkononi, kama kile cha kutangazia chanjo. Filamu ikienda, mimi naeleza. Mtu akikasirika uso wake ni ule ule, awe Mkorea au Mpokomo wa hapa.

Jumatatu, 10 Februari

Filamu ya kutisha, Korea. Watu kumi na mmoja.

Sikufikiria mabati. Yana matundu, na saa kumi jua linaingia kwa kila tundu. Mzimu ulipotokea ulikuwa na madoadoa ya mwanga mwili mzima. Nilipiga kelele kwenye kipaza sauti ili watu waogope. Mama mmoja alisema yule msichana hatishi, amekonda tu, na angekuwa wake angempa uji wa wimbi kwa wiki mbili. Wengine wakakubaliana naye. Mpaka mwisho wa filamu walizungumzia uji.

Nimeziba matundu kwa magunia. Kosa ni la mabati. Mimi sina kosa.

Jumanne, 11 Februari

Misri. Filamu nzito, ya mahakama na haki za wanyonge. Watu kumi na saba, bila kumhesabu Deka.

Deka anauza chai mlangoni. Nilikuwa nimefika pale ambapo hakimu mnene anamhukumu kijana kunyongwa, nami nimeteremsha sauti vizuri, nikasikia birika linagonga chini. Deka alikuwa anacheka hadi ameshika ukuta. Kumbe alifanya kazi za nyumbani Saudia miaka sita. Alisema yule si hakimu, ni mwenye hoteli, na yule kijana anaulizwa kama anataka maharage na yai au bila yai.

Nilimjibu kwamba hicho ni Kiarabu cha zamani sana, na maharage hapo ni mfano tu. Watu wakamwomba Deka aeleze yeye. Akaeleza akiwa amesimama, kwa sauti ya kawaida tu, na watu wakamsikiliza midomo wazi. Ikabidi niongeze sauti ya kipaza ili wasipotoshwe.

Mwishoni ilionekana kweli kuna hoteli. Haidhuru. Filamu yangu ilikuwa na maana zaidi kuliko ya kwao.

Jumatano, 12 Februari

Mapenzi, India. Watu arobaini! Wanawake tupu, wamekuja na leso za kufutia machozi.

Kwa muda wa saa mbili na nusu mambo yalikwenda vizuri sana. Bibi harusi yuko kwenye treni, bwana anakimbia, umeme ukakatika. Giza, joto, watu arobaini na magunia kila mahali. Mtu mwingine angewaambia waende nyumbani. Mimi nilichukua kipaza sauti nikawamalizia hadithi kwa mdomo. Hii ndiyo ile niliyoiona nusu, kwa hiyo mwisho nilijitungia. Nilimuua bibi harusi. Nilimuua taratibu, kwa kifua kikuu, na mama mkwe akiomba msamaha. Walilia mpaka nikaogopa. Teresia mwenyewe alilia.

Kisha umeme ukarudi na bibi harusi akatokea anacheza na wenzake sitini, ana afya kamili.

Teresia alifuta macho, akakunja leso yake mara nne, akaondoka bila kuniaga. Joy anasema nimemtia dada yake aibu mbele ya wanachama. Nikamuuliza, nani aliyewaliza, mimi au Wahindi? Aliivuta kamba ya kombeo kwa meno. Alikuwa anasuka.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeamua kumshambulia Abdiwahid badala ya kungoja. Asubuhi nilibandika karatasi kibarazani kwake: Mechi ya Leo Imeahirishwa. Watu wakikosa mpira watakuja kwangu.

Walikosa mpira wakaenda kulala. Aliyekuja ni Abdiwahid mwenyewe na vijana watano, ile karatasi mfukoni. Alisimama mbele ya orodha yangu mlangoni, akalinganisha mwandiko wa chaki na wa karatasi, kwa utulivu wa mtu anayenunua kitambaa. Kisha akaketi mstari wa mbele.

Filamu ilikuwa ya kijasusi. Abdiwahid ameshaiona mara mbili. Kila nilipoeleza kitakachotokea, yeye alieleza tofauti, na ikatokea ya kwake. Nilisema mwanamke mwenye miwani ni shujaa. Yeye akasema ngojeni. Tukangoja dakika tatu, yule mwanamke akatia sumu kwenye supu. Watu wakampigia makofi Abdiwahid, kwenye ghala langu.

Alipotoka aliongeza mstari kwa chaki chini ya orodha: Na Mpira Upo. Mwandiko wake mbaya sana.

Ijumaa, 14 Februari

Filamu ya kuchekesha, Ufaransa. Watu tisa, mmoja amelala. Hakuna aliyecheka, ikabidi nicheke mimi kwenye kipaza sauti kuwaonyesha mahali pa kuchekea. Yule aliyelala aliamka akahamia nje.

Kombeo limefika pale pa kukaa jiwe.

Nimeketi kibarazani kwetu tangu nirudi. Niandike ukweli, maana hakuna wa kusoma. Naogopa. Si ndege wala jua la Wenje. Naogopa kuwa mtu ambaye watu wakimwona barabarani wanaanza kutabasamu kabla hajasema chochote. Nataka mara moja tu waketi mbele ya kitu nilichokileta mimi, na wasitake kuondoka.

Jumamosi, 15 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Filamu ya leo ndiyo ile ya nchi ya baridi. Niliichagua kwa sababu tovuti ilisema majaji wa tamasha la filamu walilia. Wenye ng'ombe walikuwa mjini leo kwa mauzo, na kumi na wawili kati yao waliingia kwangu kutafuta kivuli. Mkubwa wao ni Mzee Godhana, Mworma mrefu mwenye fimbo, ambaye hajawahi kuona sinema na hakuficha. Upande wa pili waliketi wakulima kama ishirini, wamekuja kuona nikishindwa.

Filamu ikaanza. Mzee mmoja. Ng'ombe mmoja. Theluji. Dakika tano, hakuna neno. Dakika kumi, mzee anampapasa ng'ombe tumbo. Nikaelewa wale majaji walilia kwa kuchoka. Jumapili ni kesho, nami nimewaletea watu wa ng'ombe ng'ombe!

Mtu mwingine angezima. Mimi nilichukua kipaza sauti nikaiokoa. Nikawaeleza kwamba mzee yule ni jasusi aliyejificha milimani miaka thelathini, na kwamba ng'ombe amemeza almasi za serikali. Nikaeleza almasi robo saa nzima. Nilikuwa nimefika kwenye helikopta.

Mzee Godhana akainuka. Hakupaza sauti. Aliniita kijana wangu, akasema yule ng'ombe ana uchungu wa kuzaa tangu asubuhi, na ndama amelala vibaya tumboni, na mimi nikinyamaza wao watasikia anavyopumua. Nikamwambia hayo ni maoni yake. Deka akaja, akakitoa kipaza sauti mkononi mwangu, akakiweka juu ya kigoda chake, akakikalia. Akaendelea kumimina chai.

Basi kukawa kimya. Sijawahi kusikia ghala lile likiwa kimya. Pumzi ya ng'ombe ilijaa mpaka kwenye mabati. Yule mzee wa theluji alivua koti, akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Watu wa Godhana wote wakasogea mbele pamoja. Godhana alikuwa anamwelekeza kwa Kiorma, polepole, kama mtu aliyesimama naye zizini. Kuna mkulima mmoja pale ambaye mwezi uliopita mpunga wake ulikanyagwa na ng'ombe na hajaacha kulisema. Akauliza kwa sauti ndogo kama yule ng'ombe atapona. Godhana akamgeukia, akamwambia kwa Kiswahili cha taratibu kwamba ndama anakuja na kichwa kimekunjwa nyuma, lazima kigeuzwe kwanza, angoje. Mkulima akawaambia wenzake. Wakangoja wote.

Walioko nje walisikia kimya wakadhani kuna msiba. Wakaingia. Wengine wakasimama madirishani. Nilihesabu watu mia moja na kumi na mbili, kisha nikaacha kuhesabu. Kibaraza cha Abdiwahid kilibaki na runinga peke yake, na Abdiwahid akaja na kiti chake mwenyewe.

Ndama akatoka. Alikaa bila kujitikisa, muda mrefu. Yule mzee akamsugua kwa majani makavu, akampulizia puani, akamsugua tena. Hakuna aliyekohoa. Ndama akatikisa sikio moja.

Ghala zima lilitoa pumzi. Mzee alimfunika ndama kwa koti lake akakaa chini kwenye theluji akiwa na shati tu, na filamu ikaisha hapo. Hakuna aliyeinuka. Godhana alijifuta macho kwa ncha ya kikoi, akamwambia yule mkulima kwamba mtu yule amefanya vizuri.

Nami nililia.

Jumapili, 16 Februari

Ghala ni langu! Mwaka mzima!

Kamati haikuchukua hata dakika kumi. Teresia alitangaza nje ya kanisa, mbele ya watu, na Abdiwahid akanipa mkono bila kinyongo. Ameomba aletewe filamu nyingine ya wanyama. Mzee Godhana ametuma salamu kwamba wiki ijayo anakuja na jamaa zake kutoka Bangale, ile ya ng'ombe irudiwe. Yule mkulima amesema atamwekea nafasi.

Kuna sharti moja dogo. Kipaza sauti kitakaa nyumbani kwa Teresia. Wamelitia kwenye kumbukumbu za mkutano kwa maneno haya: Ndugu Caleb awashe mashine ya sinema, kisha anyamaze. Deka atafsiri za Kiarabu. Zile nyingine zijisemee.

Joy alinipikia samaki. Aliketi karibu nami, akasema jana alisimama dirishani mwanzo hadi mwisho, na aliponiona nimekaa kimya nyuma ya mashine aliona fahari. Kombeo amelitundika ukutani, halijaisha.

Jumatatu, 17 Februari

Nimewaza usiku kucha na nimeielewa siri ya ushindi. Ni almasi.

Watu hawawezi kumtazama ng'ombe saa nzima bure. Nani aliyewaonjesha? Nani aliyewaeleza robo saa, mpaka wakawa na hamu ya kujua kilichomo ndani ya yule ng'ombe? Walinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshasema yote ya muhimu. Ningeachiwa nifike kwenye helikopta wangekuwa mia tatu.

Sharti nimelisoma vizuri. Limetaja kipaza sauti. Halijataja spika. Leo nimekwenda Minjila nikazungumza na mtu mwenye spika mbili kubwa za harusi, za kufunga darini, na maikrofoni ya kuvaa sikioni ambayo Deka hawezi kuikalia. Anazileta siku Mzee Godhana na watu wa Bangale wanapokuja. Nitaanza kueleza tangu theluji ya kwanza, bila kupumzika. Safari hii sauti ya ng'ombe pia nitaitoa mimi, ya kwake ilikuwa hafifu.

Nimefanya mazoezi ya kulia kama ng'ombe uani tangu adhuhuri. Joy alitoka, akasimama, akasikiliza. Nilimsimulia mpango wote. Aliingia ndani, akalitundua kombeo ukutani, na sasa ameketi mlangoni analimalizia, haraka sana.

Nadhani anataka liwe kamba ya kufungia spika. Mke wangu ananiamini.