Mashahidi Watatu wa Dalali

Redio ya Mama Kahawa ilikohoa habari moja tu, benchi zima likawaka. Mkubwa mmoja wa elimu alikuwa amesema vijana waliosoma historia waache kusubiri kushika chaki. Kazi ziko tele, mradi wafumbue macho.

"Wafumbue macho waone nini?" akadakia Dalali, mzee wa kupangisha vyumba na kuuza viwanja vya watu. "Nani atanunua vita vya marehemu? Historia haibandiki sufuria!"

Alicheka kuwashinda wote, lakini moyoni hakuwa na cha kuchekea. Wakwe watarajiwa, waliokuja kumposa bintiye kwa vigelegele, walikuwa wamenyamaza ghafla. Simu hawapokei, salamu hawarudishi. Binti alishinda chumbani akilia, na mama yake alimwangalia Dalali kwa jicho la kuuliza, "Umefanya nini tena?"

Fundi Viatu, aliyekuwa anagonga soli pembeni, akaacha nyundo hewani. "Kazi mbona ipo? Awe mlinzi wa makumbusho, azuie wafu wasitoroke."

"Au aingie kwenye siasa," akasema Mama Kahawa, akimimina. "Lo, hapana. Kule wanataka wanaosahau."

Aliyekuwa akisemwa alikaa papo hapo: Profesa, kijana aliyehitimu historia kisha akarudi kukalia benchi mpaka benchi likamzoea. Leo alikuwa na shati jipya, na alikuwa amewaagizia wote kahawa bila kuombwa.

"Hebu Profesa, umeiba wapi?" akauliza Fundi.

"Nina kazi, bwana. Nachunguza koo. Mtu akitaka kuoa au kuozesha, ananituma nijue upande wa pili ni watu wa namna gani. Ni historia ile ile, ila wahusika bado wanatembea."

Benchi likaangua kicheko. Dalali hakucheka. "Unachunguzaje?"

"Natafuta mashahidi watatu, mmoja wao awe haelewani na wenzake. Wakikubaliana, basi hilo jambo ni kweli."

Dalali akamsogelea, sauti imelainika ghafla. "Mwanangu, wewe si wa nyumbani? Nina wakwe wameninunia. Kanichunguzie, ujue kilichowasibu. Mtoto wangu ataniishia, nakwambia."

Profesa akaweka kikombe chini taratibu. "Samahani, mzee wangu. Siwezi kutumwa na pande zote mbili. Wao walikutangulia."

Dalali akamtolea macho.

"Ukawaambia nini?"

"Habari ya kile kiwanja ulichowauzia ndugu wawili wasiosalimiana, kila mmoja kwa wakati wake. Fundi alithibitisha. Mama Kahawa alithibitisha. Na Kinyozi wa pale ng'ambo, ambaye hasemezani na hawa wawili, naye alithibitisha, tena akicheka mpaka machozi."

"Mama yangu weee!" Dalali akajishika kichwa. "Hicho kiwanja hakipo! Nilikitunga hapa hapa benchini, siku ile ya mvua, nikatia chumvi, mkacheka, nikaongeza nyingine! Hao wote walisikia kwangu, hata Kinyozi nilimsimulia akininyoa!"

"Kwani haikuwa kweli?" Fundi alionekana kuumia. "Mbona mimi nimeapa kwamba namfahamu yule ndugu mdogo?"

"Na mimi namuuzia kahawa," akasema Mama Kahawa.

Profesa akakumbuka somo. Chuoni walimwonya mpaka wakachoka: shahidi usimhesabu tu, muulize na yeye alisikia wapi. Mbio za kupata ujira wa kwanza zilimsahaulisha. Aliona aibu, tena aibu ya haki.

Dalali alimfikiria bintiye na mto wake uliolowa machozi. Heshima ya mjini akaitupa kando, akamshika Profesa mkono na kumwinua.

"Unakwenda kwa wakwe zangu sasa hivi. Waambie mimi si mwizi. Sijawahi kuuza kiwanja kimoja mara mbili, hata mara moja napata kwa shida. Mimi ni mwongo tu. Mwongo wa kupindukia, tangu utotoni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Basi kimbia!"

Mama Kahawa, akikusanya vikombe, akainua uso.

"Na wakimuuliza nani kasema?"