Mablanketi Manne ya Pampu ya Joto

Kwa niaba ya Kamati Kuu ya Ufanisi wa Joto ya jumuiya yetu hapa Black Rock, mjini Buffalo, mimi Elie, katibu, ninayo heshima ya kutangaza kwamba mashine yetu imeboreshwa rasmi.

Jumba letu lina pampu ya joto. Sanduku lake la nje lina feni, nalo huvuta joto kutoka hewani, hata wakati wa theluji, na kuliingiza ndani. Mwenyekiti wetu, Mzee Ruhimbika, alilitazama sanduku hilo kwenye theluji, akalionea huruma.

"Mashine inayotetemeka itampasha nani joto?" aliuliza.

Hoja nzito. Tukapitisha azimio, tukalifunga sanduku kwa mablanketi manne na kamba, tukapiga picha.

Kufikia Jumatano tulikuwa tunaendesha vikao na glavu mkononi. Kamati haikukaa bure. Iliamua kwamba neno "baridi" lisitumike tena. Liitwe "joto linalosubiriwa".

Ghorofani anaishi Kavugho, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, pamoja na mama yake mwenye pumu. Aliteremka akiwa na mkasi.

"Bon, Président," alisema, "hii mashine iko inavuta hewa. Muliifunga pua."

"Una cheti cha ufundi?"

"Niko na mama anakohoa tangu juzi."

Akatoka nje, akakata kamba, akaondoa theluji kwa koleo. Akarudi ndani, akachomoa chujio la hewa lililokuwa na vumbi kama manyoya ya kondoo, akaliosha. Kisha akatuomba tusiguse kitufe cha joto kila dakika.

Jioni kamati ilikutana kumhukumu kwa kuingilia mali ya jumuiya. Ukumbi ulikuwa na joto. Wajumbe walivua makoti, wengine wakaanza kusinzia kwa raha.

"Anayeunga mkono adhabu anyooshe mkono," alisema Mwenyekiti.

Hakuna aliyenyoosha. Hata mkono wake mwenyewe, uliokuwa umeshika kikombe cha chai, haukunyooka.

Ndipo Mzee Zihindula, ambaye kwa kawaida huja vikaoni kwa ajili ya maandazi, akasema, "Donc, nani atakuwa anaondoa theluji pale? Mimi napendekeza Président. Yeye ndiye aliyeihurumia mashine."

Mikono yote ikapanda. Wangu pia, katibu hufuata wengi.

Mwenyekiti alidai barua ya uteuzi. Nilimwandikia, yenye muhuri: Mkurugenzi wa Koleo. Asubuhi iliyofuata alikuwa nje amevaa tai, anachimba theluji. Kavugho alipita akienda kazini, akasimama, akalizunguka sanduku akilikagua.

"Bado nyuma, Président," alisema, akaondoka kuwahi basi.