Mkaratusi Uliopumua Kupita Kiasi

Jumatatu, 9 Julai 1984
Mtaani Lucky Summer. Baridi, wingu limelala juu ya mabati tangu asubuhi.
Wapimaji wa barabara wamerudi. Kigingi kimoja kiko nyuma ya choo, kingine mbele ya lango la jirani yangu Nzomo. Katikati: mkaratusi wangu, na nyuma yake nyumba yangu. Mkubwa wao amesema kamba itapinda kuuzunguka mti kwa sasa, kwa kuwa Bi Adoyo wa chuo ameuombea barua usikatwe hadi amalize kuupima. Mti ukisimama, nimesimama. Nimekwisha kuhamishwa mara tatu: Kibwezi, nyumba za kazi nilipostaafu, kisha kule mtoni. Mara ya nne? Sina miguu hiyo.

Jumatano, 11 Julai
Bi Adoyo alivika tawi mfuko wa plastiki, akaufunga mdomo wa mfuko, akavuta hewa kwa bomba la sindano. Anatafuta gesi ambazo majani huzitoa bila sisi kuona. Jibu: karibu hakuna! Alisema ni kawaida ya Julai, majani yanangoja jua. Tuvumilie mpaka Septemba, mzee. Lakini mkubwa wake chuoni hana subira. Akipata namba ndogo tena, vyombo vitahamia mti mwingine. Akautazama mkaratusi wa Nzomo!
Nzomo, mchonga vinyago, alicheka mpaka patasi ikamponyoka. Akaniuliza kama mti wangu una pumu.

Alhamisi, 12 Julai
Nimesoma kibati cha dawa ya kifua ya mke wangu Mukai. Kimeandikwa: mafuta ya mkaratusi. Basi! Naurudishia mti mali yake. Nimepaka majani sabini na mawili, juu na chini.
Mukai aliuliza dawa yake iko wapi. Nikasema imekwisha. Alikohoa, akanitazama, akakohoa tena. Sikupenda vile alivyonitazama.

Jumatatu, 16 Julai
Ushindi! Hewa aliyoivuta Bi Adoyo Ijumaa imetoa namba mara arobaini ya ile ya kwanza. Bi Adoyo alikuja mbio, akaniita baba. Nilimsalimia Nzomo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 21 Julai
Wamekuja na msumeno.
Bi Adoyo alieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari njema. Gesi huhesabiwa kwa uzito wa majani makavu. Mti wa kawaida hupimwa kwa tawi moja. Mti wa ajabu, mkubwa wake ameagiza, lazima ukatwe, majani yote yapukutishwe, yakaushwe, yapimwe. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru.
Magunia kumi na tisa ya majani. Nzomo aliomba gogo, akapewa. Alinipa pole, na safari hii hakucheka. Hilo liliniuma zaidi.

Jumanne, 24 Julai
Kamba ya wapimaji sasa imenyooka. Inapita jikoni. Wamepaka alama nyekundu mlangoni. Tumepewa siku saba. Mukai alifunga vyombo. Amezoea kufunga.

Jumatano, 1 Agosti
Tulihama jana. Barua ya Bi Adoyo ilinikuta huku Njiru. Majani ya magunia hayana la ajabu. Katika mfuko wa Ijumaa mashine imekuta kafuri, ile inayotiwa katika dawa za kifua, na mkaratusi hautoi kafuri namna ile. Namba zote zimetupwa. Hakunitukana. Aliandika tu: mzee, ungengoja jua.

Jumapili, 5 Agosti
Chumba kimoja, upepo unaingia kwa pande zote. Nyuma yetu kuna mkaratusi mwembamba, na hatua thelathini mbele yake nimeona kigingi kipya.
Nimemwandikia Bi Adoyo kwamba mti huu unanuka kuliko ule. Kosa langu nimelijua: nilipaka majani mengi mno. Safari hii thelathini tu.
Kavutha, binti yetu, amemletea mama yake kibati kipya cha dawa. Mukai anakohoa tangu asubuhi, anauliza kiko wapi. Nimemwambia avumilie kidogo, Septemba jua litatoka.