Aliyezikwa Siku Kama ya Leo

Jumatatu, 9 Machi

Nimechoka kuwa mpishi ambaye sifa zake anazipata mgawa sahani! Kila siku naandika "Siku Kama ya Leo" ya redio yetu: mfalme kapinduliwa, mvumbuzi kazaliwa, mwimbaji kafariki. Anayesoma ni Zege, mwenye sauti ya kutikisa vikombe. Barua za mashabiki zote zake. Nimemwomba Mkurugenzi anipe maikrofoni mara moja tu. Kasema sauti yangu inafaa kuandikwa. Fadhila ya punda ni mateke.

Lakini kesho kazaliwa nani? Mimi! Nimejipachika kati ya waliozaliwa, jina langu kamili, "mwanahabari mashuhuri". Zege hatashtuka, kazini wote wananiita Kalamu tu. Wasikilizaji watamuulizia huyo mashuhuri, na maikrofoni itanifuata yenyewe.

Jumanne, 10 Machi

Nimejipa likizo. Sebuleni, mke wangu ubavuni, redio juu kabisa. Zege kamtaja mtunzi fulani wa muziki, alizaliwa. Kisha: siku kama ya leo alizikwa mwanahabari mashuhuri... Jina langu lote, mpaka la babu!

Niliandika "alizaliwa". Kwa mwandiko wangu, kumbe, ni "alizikwa". Na Zege husoma tu, kufikiri si kazi yake.

Mchana shangazi kafika, kilio kimeanzia getini. Nimemfungulia mlango mwenyewe. Kanisukuma kando, kauliza maiti iko wapi. Mke wangu kamwonyesha mimi. Shangazi kanichapa na mkoba, kanikumbatia, kalia upya. Nimeona haya kweli, maskini shangazi yangu.

Ila majirani walikuwa wameshafika na viti. Fundi bomba kasema nilikuwa mtu wa watu. Kasema hivyo mimi nimesimama mbele yake! Sijamkatiza. Haya na raha vilishindana, raha ikashinda.

Jumatano, 11 Machi

Mkurugenzi kafoka. Simu zimemiminika, watu wanauliza mazishi ya nani na lini. Kaamuru aliyeharibu ajisahihishe hewani, kwa mdomo wake mwenyewe.

Mdomo wangu! Hewani! Kufa kufaana, na mimi nimejifaa mwenyewe. Nimetangaza kwamba ni mzima wa afya. Nikaongeza kidogo kuhusu utoto wangu, na kipaji kilivyojitokeza mapema. Nilikuwa sijamaliza darasa la tatu fundi mitambo akanizima, akaweka muziki. Zege kakaa pembeni akinisikiliza. Utamu ulioje!

Kisha hukumu: nisiguse tena mtu aliyezaliwa wala aliyekufa. Nimehamishiwa matangazo ya vilivyopotea. Zege kacheka mpaka kashika meza.

Alhamisi, 12 Machi

Vilivyopotea si pabaya hata kidogo. Dawati liko dirishani, chai inafika mapema. Funguo mbili, pochi moja, mbuzi mweupe mwenye doa. Kazi nyepesi, nimekula vizuri, nimelala vizuri.

Ila nimewaza. Mbuzi anatafutwa na mji mzima, kwa nini kipaji kisitafutwe? Nimeandika la kesho, kwa mkono, haraka: amepotea mtangazaji hodari, mara ya mwisho kasikika Jumatano hewani, akazimwa kabla hajamaliza. Nikamalizia na jina langu kamili. Atakayemtaka apige simu kwa Mkurugenzi.

Mke wangu kauliza kama nimemwambia shangazi. Nimemjibu safari hii hakuna haja, sikuandika popote kwamba nimekufa.