Mshika Mpira wa Skarvik

Alhamisi, 9 Oktoba. Skarvik, Visiwa vya Faroe.

Barua kutoka nyumbani Uingereza. Bwana Whitlow wa Skelby Town anakuja kunitazama Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 18. Yeye ndiye msimamizi wa wachezaji waliotolewa kwa mkopo. Akiridhika, namwaga wino kwenye mkataba mpya. Asiporidhika, Juni naachwa. Nina miaka ishirini, na niko Skelby tangu nikiwa na tisa. Kazi nyingine sijui. Niliwahi kumsaidia mjomba kupaka rangi ukuta, akalazimika kuupaka upya.

Rekodi yangu mpaka leo. Kikosi cha kwanza Skelby: dakika kumi na moja. Mkopo wa kwanza, timu ya mji jirani: wiki sita, nikarudishwa. Walisema ni tabia. (Nilimnong'oneza kocha kwamba mshambuliaji wake anatafuta timu nyingine. Hakuwa anatafuta. Baada ya hapo akatafuta.) Mkopo wa pili, hapa: mechi kumi na mbili, mabao sifuri.

Sifuri hiyo si yangu, ni ya Jakup. Jakup ndiye nahodha. Miaka thelathini na tisa, fundi rangi wa meli, na penalti zote ni zake. Mimi ndiye ninayemshikia mpira. Upepo wa huku hauachi mpira utulie penye alama, kwa hiyo mchezaji mmoja hulala kifudifudi akaushika kwa kidole mpaka mpigaji afike. Sheria inaruhusu. Msimu mzima aliyelala ni mimi. Jakup anasema nina kidole kilichotulia. Nimetoka nchi mpira ulikozaliwa, nimekuja kuwa kigingi.

Mpango: tarehe 18 nipige penalti mimi. Moja tu inatosha.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Nilifikiri hivi: penalti zikiwa nyingi, moja itaniangukia. Basi nikazitafute. Dakika ya ishirini beki wao alipita karibu yangu ndani ya boksi. Nikaanguka. Anguko safi, la kusomea. Mwamuzi, ambaye siku za kazi ni mwalimu wa hesabu, alinijia taratibu akauliza kama nimeteleza kwenye mavi ya kondoo. Nikasema nimechezewa rafu. Akasema beki yule ni shemeji yake, anamjua vizuri, hana mbio za kunifikia mimi. Kadi ya njano.

Dakika ya sabini tukapata penalti ya halali. Nikauendea mpira kifua mbele. Jakup akanigusa bega, akanionyesha chini kwa kidevu. Nikalala. Tope sikioni. Bao. Nilipomaliza kuinuka, wenzangu walishamkumbatia na kurudi katikati ya uwanja.

Jumatatu, 13 Oktoba.

Jana baada ya kanisa nilijaribu njia ya upole. Ninapanga kwa Mama Marjun, naye ndiye mama yake Jakup. Wenye akili hutumia walichonacho. Mezani kulikuwa na ile nyama ya kondoo wanayoitundika ghalani mpaka iote ukungu. Nikaila bila kukunja uso, kisha nikamwambia kwa sauti ya masikitiko kwamba goti la Jakup linalia. Nikamwambia kwetu wataalamu wamegundua hakuna kinachoua goti la mtu mzima kama penalti. Aachiwe kijana. Mama Marjun alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongeza kiazi.

Leo jioni Jakup kagonga mlango na jembe mkononi.

"Dogo, umemwambia mama goti langu linalia?"

Nikasema nilikuwa na wasiwasi naye tu. Akasema vizuri sana, ndugu wa kweli ndio hao, na kwa kuwa yeye ni mgonjwa, viazi vya mama vilivyobaki shambani nivichimbe mimi. Nimechimba mistari sita kwenye mvua. Yeye kakaa dirishani na kahawa, ananionyesha nilivyovisahau. Goti lake halikuwa na neno lolote.

Jumanne, 14 Oktoba.

Kazi mbaya si mchezo mwema. Leo nimetumia akili kubwa.

Asubuhi nilimfuata kocha Hanus kwenye duka lake la mikate. Nikamwambia Uingereza mpigaji penalti hachaguliwi kwa umri, hupatikana kwa mashindano, kila mwezi. Si kweli, lakini ingefaa iwe kweli. Hanus akafikiri, unga hadi kwenye viwiko, akasema ni haki. Penalti kumi kila mtu, mazoezini leo. Nikaongeza sharti langu: mpira usishikwe. Hapo ndipo nilipomweza Jakup. Msimu mzima anategemea kidole changu. Bila kidole ni yatima.

Matokeo: Jakup tisa, mimi mbili.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Jakup anaujua upepo. Alisimama tu. Akatazama majani. Akangoja. Upepo ulipovuta pumzi kidogo, akapiga. Akangoja tena. Mimi sikuwa na subira hiyo. Mara nne mpira uliondoka kabla sijaufikia, na mara moja nilipiga hewa nikakaa chini. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kipa akasema sasa wameelewa kwa nini Waingereza wanafanya mashindano kila mwezi: wanangoja apatikane mtu. Walicheka hadi bafuni.

Alhamisi, 16 Oktoba.

Nimefaulu. Niandike kwa utaratibu.

Baada ya mazoezi nilibaki na Jakup peke yetu chumba cha kubadilishia nguo. Nikamwambia kuhusu Bibi Maureen, mama yake baba. Kwamba yuko kitandani, madaktari wamenyoosha mikono, na ombi lake moja ni kuniona nikifunga bao kabla hajafumba macho. Mechi ya Jumamosi ataitazama kwenye simu ya baba. Sauti ilinikatika mahali pazuri kabisa.

Jakup alikaa, soksi moja mguuni na moja mkononi. Kisha akasema baba yake alifariki yeye akiwa baharini. Habari ilimfikia baada ya siku tatu. Hakuwahi hata kumshika mkono.

"Penalti ikija Jumamosi ni yako, dogo. Nitakushikia mimi."

Nilijisikia vibaya kutoka pale mpaka getini. Kutoka getini nilikuwa nimepona. Bibi Maureen ni mzima wa afya, kila Jumatano yuko dansi, na juzi kaniandikia kwamba mwenzake wa dansi hana pumzi.

Jioni nikamkuta Mama Marjun ameshapata habari. Anamfumia bibi shali ya sufu. Jumapili mchungaji atamtaja kwenye sala. Sikutegemea mambo yafike kwa mchungaji.

Ijumaa, 17 Oktoba.

Nilipita dukani kwa Hanus kununua mkate. Nyuma ya kaunta kulikuwa na keki kubwa kama godoro la mtoto, imeandikwa 100. Nikauliza ya nani. Hanus akanitazama kama mtu aliyelala mwaka mzima. Kesho Jakup anatundika daluga. Miaka ishirini na moja na timu hii hii, mabao tisini na tisa. Kijiji kizima kinaombea penalti.

Jakup hakuniambia neno.

Nilikwenda kukaa kwenye ukuta wa bandari nifikirie jambo hili kwa uzito. Nilikaa kama dakika tano, kulikuwa na baridi. Nikaona tisini na tisa ni hesabu nzuri sana kwa binadamu yeyote. Wengine tuna sifuri. Mwenye tisini na tisa akimwachia mwenye sifuri, timu inabaki na mia ile ile. Nikanunua na maandazi.

Jumamosi, 18 Oktoba.

Bwana Whitlow alifika na koti jembamba, midomo ya bluu. Magari yamezunguka uwanja, watu ndani na chupa zao za chai. Huku hawapigi makofi, wanapiga honi. Mpaka dakika ya themanini na nne ilikuwa sifuri kwa sifuri, nami nilikuwa nimegusa mpira mara tisa, nilihesabu.

Kisha beki wao akaushika kwa mkono. Penalti.

Honi zote kwa pamoja. Mama Marjun alitoka garini akasimama kwenye upepo, kashika kitambaa chake. Jakup akauchukua mpira, akaenda nao mpaka penye alama, akauweka. Kisha akalala chini kifudifudi, akanyoosha kidole.

Honi zilinyamaza moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya gari la mikate. Hanus alishika kichwa. Jakup akaniangalia kutoka chini, tope shavuni, akasema kwa utulivu nipige tu, bibi anangoja.

Nilipiga vizuri. Nasisitiza hilo. Kipa aliruka upande mwingine. Mpira ukagonga mlingoti wa goli, ukarudi kwa kasi, ukamkuta Jakup anajiinua, ukampiga utosini, ukazama wavuni.

Mwamuzi akaonyesha kati. Kipaza sauti kikatangaza: Jakup, mia moja. Nimewaona watu wazima wakilia juu ya boneti za magari. Walimbeba juu juu yeye mwenyewe akiwa na kizunguzungu, anauliza nani kafunga. Mimi nilimfuata mwamuzi nikamweleza kitaalamu kwamba mpira ulikuwa unaingia wenyewe. Akasema kwa mahesabu yake ulikuwa unakwenda baharini.

Baada ya mechi, kahawa na keki kwa Mama Marjun. Yeye na ukarimu wake akamwalika na Bwana Whitlow. Alimkabidhi ile shali, imekwisha na imekunjwa, akamwomba amfikishie bibi mgonjwa, na kama inawezekana waniruhusu niwahi nyumbani kabla hajaondoka duniani.

Bwana Whitlow akauliza bibi yupi. Akaambiwa. Akasema Maureen? Maureen alikuwa ofisini kwao juzi Alhamisi, kagombana na mlinzi kwa sababu ya maegesho, na nusura ampige na mwavuli.

Jakup aliweka kikombe chini. Nilitaka afoke, hakufoka.

"Nilikuachia kwa ajili yake," akasema. Basi.

Mama Marjun akasema shali apelekewe tu, maana hata wazima husikia baridi. Kisha akanikatia keki, kipande sawa na cha wengine. Niliona aibu. Niliona aibu kubwa, na ninaiandika hapa ili baadaye asije mtu akasema sikuiona.

Nje, karibu na gari, Bwana Whitlow alinieleza kwa ufupi. Mkataba hakuna. Kuanzia Januari nitafute timu, hawatanizuia. Nikamuuliza kama angalau ameandika pasi ya bao. Akasema ana miaka thelathini kwenye mpira, hajawahi kuona mtu akitoa pasi kwa kutumia mlingoti.

Jumatatu, 10 Novemba. Skelby.

Mkopo umekwisha, niko nyumbani. Baba haniulizi kitu, anapandisha tu sauti ya televisheni. Bibi Maureen kasikia kwamba nilimuua, kasema nikimuua tena nichague siku isiyo ya dansi.

Leo simu kutoka Malta. Kuna timu inataka mshambuliaji kuanzia Januari. Wamenitazama, wanapenda urefu wangu. Kikwazo ni mwenyekiti: hachukui mtu ambaye hajafunga hata bao moja nje ya nchi yake. Moja lingetosha. Wamenipa mpaka Ijumaa.

Moja! Na ninalo. Limekaa tu kwenye jina la mtu mwingine.

Nimemwandikia Jakup. Barua pepe ya heshima, nimeirudia mara tatu. Nimemwomba aliambie shirikisho lao la soka kwamba siku ile mpira haukumgusa, ulipita juu ya kichwa kwa unywele mmoja, upepo ukaurudisha wavuni. Nimemkumbusha kwamba mstaafu hana anapolipeleka bao. Nimemwambia pia kwamba tangu siku ile mimi ni mtu mwingine kabisa, kwa hiyo si kama anampa yule yule.

Jumatano, 12 Novemba.

Jakup kajibu. Nilifikiri atanitukana, nikaifungua nimesimama.

Kaandika kwamba ameshawaambia shirikisho, na mwamuzi amekubali kusahihisha. Kijijini amewaeleza mwenyewe. Hanus hakumwelewa lakini amenyamaza. Tisini na tisa yanamtosha, kasema, yeye alicheza kwa kuwa alipenda kucheza. "Funga huko uendako, dogo. Na ukilala chini kumshikia mwenzako, kidole kitulie vile vile."

Nimeisoma mara mbili. Nikakaa kitandani. Nilisikia kitu kizito hapa kifuani, nikakiacha kikae mpaka kikaondoka chenyewe.

Watu wa Malta wamefurahi. Ijumaa nasaini.

Lakini ona mtu alivyokubali haraka, hata hakubishana. Ningejua, ningeomba mawili.