Mimi Si Mkosi wa Timu

Alhamisi, 21 Agosti

Duluth. Mvua. Mapafu yamegoma tena. Daktari ameniambia, kwa upole wa mtu aliyesomea upole, kwamba Krismasi nisiipangie mambo. Sawa. Siitaki Krismasi. Nataka kitu kimoja tu: kuwaona Wavunja Barafu, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, wakifunga, kwa macho yangu haya, kabla hayajafumbwa.

Nitaandika ukweli wote, maana anayeondoka hana tena wa kumwogopa. Tangu nihamie nyumba hii ya wazee, misimu mitatu sasa, timu yetu haijawahi kufunga nikiwa mbele ya televisheni. Nikienda msalani, wanafunga. Nikisinzia, wanafunga. Aliyegundua ni Lester Pruitt, mstaafu wa reli, anayeishika rimoti ya ukumbini kama fimbo ya kifalme. Tangu hapo, mechi ikianza mimi natolewa nje. Mimi, Arvid Hietala, niliyefundisha historia maisha yangu yote! Shangwe nazisikia kupitia ukutani.

Lakini leo, habari njema! Kocha mpya, Tolliver, amewaambia waandishi kwamba ya zamani yote yamefutwa. Yote! Basi na mkosi wangu umefutwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeitisha kikao baada ya kifungua kinywa. Nikaeleza kwamba mfalme mpya akitawazwa, wafungwa huachiliwa. Nikatoa mifano. Labda mingi mno. Lester akauliza kama huyo kocha ananijua kwa jina. Nikakiri hanijui. Akasema basi hakunifuta. Opal Nygaard, niliyemhesabu upande wangu, akasema, “Nakupenda sana, mwalimu, ila huyu kocha mpya nampenda zaidi.” Kura ikapigwa. Mikono yote juu, dhidi yangu. Hata wa yule bwana anayelala kutwa. Nani aliuinua?

Jumamosi, 23 Agosti

Mechi ya mwisho ya kujipima nguvu. Mpango: kujificha nyuma ya tangi la samaki, mtungi wa oksijeni nimeuvika sweta. Wangefunga, nami ningejitokeza. Ushahidi!

Nikatazama kupitia maji, wachezaji wote wana mapezi. Tukaangusha mpira, wapinzani wakauokota. Tukauangusha tena. Lester akainua kidole, akasema kuna kitu humu kinapuliza. Mtungi wangu, msaliti mkubwa! Akatangaza kwamba amemkamata Profesa wa Nuksi. Nikasukumwa nje nikiwa juu ya kiti changu cha magurudumu. Mlango haujafungwa vizuri nyuma yangu, ukumbi mzima ukalipuka. Wamefunga.

Bahati tu. Inatokea.

Jumatano, 27 Agosti

Nimemwomba Mchungaji Ingersoll aniombee mkosi uondoke, hadharani, na ikiwezekana kwa sauti. Akasema Walutheri hawaamini mambo ya mikosi. Nikamuuliza mbona basi kila Jumapili ya mechi huvaa soksi zilezile za bluu, hazifuliwi mpaka msimu uishe. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema soksi ni jambo kati ya mtu na Mungu wake. Hakuniombea. Soksi zinanuka.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeamka vibaya. Wameniongezea oksijeni. Nimemuuliza Renata, muuguzi, anijibu bila sukari. Akajibu: mechi ya Jumapili, ya kwanza ya msimu, huenda ndiyo yangu ya mwisho. Nikashukuru. Nilipomaliza kuogopa, nikaona habari hiyo ina matumizi. Nikamtuma akamwambie Lester, na amwambie kwa huzuni. Nikapendekeza chozi. Akasema chozi halimo kwenye mkataba wake.

Jumapili, 7 Septemba

Nilishinda chumbani nikitazama ukuta. Shangwe. Baadaye shangwe nyingine. Kila mmoja akifurahi kwa niaba yangu.

Karibu na mwisho wa mechi mlango ukafunguliwa. Lester, ndani ya fulana ya timu iliyomkaba tumbo. Akasema, “Haya, twende.” Nikauliza wapi. Akasema nisimfanye arudie. Akanisukuma mwenyewe, akihema kunizidi.

Ukumbini macho yote kwenye televisheni. Tuko nyuma kwa pointi mbili, sekunde zinakwisha, na mpigaji wetu anajiandaa kuupitisha mpira katikati ya nguzo. Ukipita ni pointi tatu, na ushindi. Opal aliponiona akashika kichwa. “Lester, umerogwa? Sasa hivi? Mrudishe!”

Lester akajibu, “Mtu amekaa kwenye korido miaka mitatu. Mkwaju mmoja. Mwacheni auone.”

Opal akasogeza kiti chake kutupisha. Lester akaniweka mbele kabisa, akanishika bega. Mpira ukapaa. Mzuri! Mrefu! Nikasahau kupumua, jambo ambalo mimi siruhusiwi kulisahau. Ukaenda, ukaenda, ukagonga nguzo ya kulia na kurudi uwanjani kama mtu aliyesahau funguo.

Hakuna aliyenigeukia. Wote walitazama mazulia. Adabu kubwa kuliko hiyo sijawahi kutendewa. Lester hakuuondoa mkono begani. Akasema polepole, “Tuliukaribia ushindi, Arvid.” Miaka mitatu hajawahi kuniita kwa jina.

Jumatatu, 8 Septemba

Daktari amepita asubuhi na uso wa msiba. Nimemwambia arudi baadaye, niko kazini.

Maana nimegundua! Mpira ulipinda kulia. Na mimi niliwekwa wapi? Kulia kwa televisheni! Huo si mkosi hata kidogo, ni mpangilio mbaya wa viti. Laiti ningesogezwa kushoto hatua moja, leo tungekuwa tunaimba. Kosa lote ni la Lester, aliyenisukuma kwa pupa kama behewa la makaa. Mkosi ni yeye!

Nimemwita, nikamweleza haya yote kwa mchoro. Amesikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Akautazama mtungi wangu. Akanitazama mimi. Kisha akauliza, taratibu, Jumapili ijayo nataka kiti changu kiwekwe wapi.

Kushoto, nimemwambia. Na safari hii aje mapema.