Laini Kama Maji

Jumatatu, 2 Machi

Msiba! Chupa ya Babu imemwagika yote.

Niandike kwa utaratibu, kama mtu aliyesoma. Sebuleni, kwenye kijukwaa cha heshima, Babu ameweka chupa kubwa ya sake, pombe yetu ya mchele, mpya ya msimu huu. Nyuma yake mimi huficha riwaya, kwa sababu Bibi anaamini riwaya huozesha macho kabla ya mitihani. Leo niliivuta riwaya kwa haraka. Chupa ikalala chali. Kizibo cha sake mpya hakikazwi, maana bado inatokota kidogo ndani. Kikaruka, na mkeka ukanywa kila kitu.

Chupa yenyewe haikuvunjika. Nikaijaza maji ya bomba, nikarudisha kizibo, nikafunga tena karatasi nyeupe inayofunika kizibo. Huwezi kuona tofauti. Akili!

Bibi alipoingia alinusa hewa, akamgeukia Babu, akamuuliza kama haoni haya kunywa mchana kweupe, na umri wake ule. Babu alikuwa anashona wavu. Akasema hajagusa tone. Bibi akasema tangu lini mlevi akakiri. Nilimhurumia Babu. Si sana.

Shida ni Jumapili. Ni sherehe ya kuombea mashua, na mwaka huu zamu ya kutoa sake hekaluni ni yetu. Ikipita hairudi mpaka mimi niwe na watoto, jambo ambalo sitegemei. Wakuu wa nyumba zote watakunywa chupa ile ile moja. Na kijiji hiki hakisahau. Kabla sijazaliwa, nyumba moja ya kule gatini ilitoa sake iliyochacha. Mpaka leo inaitwa Nyumba ya Siki. Mjukuu wao yuko darasani kwetu. Hata mwalimu humwita Siki.

Sisi tutakuwa Nyumba ya Maji. Na mimi nitakuwa Maji mpaka kaburini.

Jumanne, 3 Machi

Mpango wa kwanza: kununua chupa nyingine. Nilikwenda dukani kwa Bi Otose nikiwa nimevaa kofia ya Babu ili nionekane mkubwa. Bi Otose akauliza mbele ya wateja wote kama kichwa kimesinyaa au kofia imekua. Nikasema nataka sake, nimetumwa na Babu. Akasema Babu ana miguu, aje nayo. Tena sheria ni miaka ishirini, na mimi hata ndevu zangu bado hazijatuma barua ya kuomba kazi. Wakacheka. Watu wasiosoma huchekeshwa na chochote.

Nikanunua kifutio ili nisitoke mikono mitupu.

Njiani nikapata wazo kubwa zaidi. Hapa kwetu zawadi haiachwi ikae peke yake. Lazima irudishiwe mwenzake. Ukimpa jirani ngisi, atakuja na mwani. Ukimpa mwani, atakuja na chenza. Watu hawa wanaendeshwa na adabu kama saa inavyoendeshwa na betri, na hawajui. Mimi najua. Basi nikimpa zawadi Bwana Hatakeda mwenye kiwanda cha sake, atanirudishia nini? Ana nini kingine?

Mkono mtupu haulambwi. Kesho mkono wangu hautakuwa mtupu.

Jumatano, 4 Machi

Nimechota vibua kutoka mtungi wa Bibi, vile vya chumvi na pumba za mchele vilivyokaa tangu mwaka juzi. Harufu yake ingeweza kutembea yenyewe mpaka kiwandani. Nilivifunga kwa gazeti, nikaandaa hotuba fupi yenye maneno ya heshima ya kale.

Aliyefungua mlango ni Nagisa, binti wa Hatakeda. Tuko darasa moja. Ni msichana wa kelele nyingi na alama chache. Hotuba ikayeyuka. Nikamsukumia gazeti kifuani, nikainamisha kichwa, nikasimama kama nguzo. Akauliza kama nimeleta samaki au nimekuja kuzika mtu.

Mama yake akatoka, akashukuru sana, akaniambia nisubiri. Akarudi na furushi zito.

Machicha. Mfuko mzima wa machicha ya sake, mabaki yaliyokamuliwa. Nagisa akasema kila anayewaletea kitu hupewa machicha, tangu enzi za babu wa babu yake, sijui mimi nilikuwa naishi wapi.

Mabahili!

Alhamisi, 5 Machi

Kosa halikuwa kwenye nadharia. Zawadi ilikuwa ndogo. Machicha nimempa Bi Otose, ambaye huyatumia kuvundikia mboga. Akanirudishia figili nyeupe, mzigo wa kutosha punda. Nikazivuta mpaka kwa Hatakeda. Mama Nagisa akashukuru, akanitazama kwa namna ya ajabu, akanipa chenza. Chenza! Katika nyumba yenye mapipa yaliyojaa sake hadi darini!

Jioni mambo yakaharibika zaidi. Mama Nagisa alikuja kwetu mwenyewe na sinia la ngisi wabichi, akamwambia Bibi kwamba kwa vibua na figili vile, nyumba yake imezidiwa na wema. Bibi hakujua vibua gani wala figili gani, lakini angekufa kabla ya kuuliza. Akainama. Mgeni akainama. Alipoondoka tu, Bibi akanigeukia. Kwa nini akina Hatakeda wanatupa ngisi? Wanataka nini? Ngisi wa aina ile hawatolewi bure! Akakaanga keki za samaki usiku huo huo, akaamuru nizipeleke asubuhi kabla ya shule.

Hivi sasa sisi na Hatakeda tuko vitani, na silaha ni chakula.

Ijumaa, 6 Machi

Siku ya aibu. Nilikuwa maktaba ya shule, mahali pekee penye ustaarabu, nikisoma kuhusu kuanguka kwa falme. Nagisa akaingia na wenzake wawili, mmoja wao Siki. Akaketi juu ya meza yangu. Juu kabisa!

Akasema mama yake amehesabu zawadi na sasa anaimba jikoni, maana anaamini familia yetu inamchumbia binti yake. Baba yake amekasirika kwa sababu anataka mkwe anayeweza kubeba gunia. Kisha akainama karibu nami na kusema, kwa sauti iliyofika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu: "Teruhito, kama unanitaka sema kwa mdomo. Usiseme kwa samaki."

Nilitaka kumjibu kwamba sijawahi kumtaka, kwamba namwona kama kikwazo kati yangu na chupa. Nikasema, "Chumvi." Sijui kwa nini.

Siki alicheka kuliko wote. Yeye! Siki!

Jumamosi, 7 Machi

Mpango wa mwisho. Leo kiwanda kilifunguliwa kwa wageni kutoka mjini, wanaokuja kila mwaka kuonja sake na kupiga picha viatu vyetu vya mpira. Nilijipenyeza na chupa yangu ya chai ya shule. Nia: kukusanya masalio ya vikombe.

Sijaona watu wa ajabu kama hawa. Bwana mmoja mwenye skafu alinusa kikombe akasema anasikia peasi, ndizi na mvua juu ya jiwe. Juu ya jiwe! Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya mawe, angeweza kwenda kunusa bure. Wakiletewa kibua wa kuonjea sake, wanamlilia kama vile aliwahi kuwa ndugu yao. Mama mmoja akafumba macho akasema sake hii inapita kooni kama maji. Nilidhani Hatakeda atakasirika. Wapi! Aliinama hadi kichwa kikakaribia magoti. Eti hakuna sifa inayozidi hiyo. Mtu mzima anahangaika majira yote ya baridi kutengeneza kitu, kisha anafurahi kuambiwa kimefanana na maji. Si auze maji?

Nilikusanya kama nusu. Kisha nikakumbuka kwamba sikuwa nimemwaga chai. Nikapata kinywaji cha rangi ya mtaro. Nagisa alikuwa nyuma yangu muda wote. Akauliza kama sasa nimehamia kwenye kuosha vyombo, akanipa kitambaa. Nilifuta vikombe vyote.

Kesho tutaitwa Maji. Bibi amepiga pasi kimono chake mara mbili. Babu anafanya mazoezi ya hotuba bafuni.

Jumapili, 8 Machi

Hekalu lilijaa. Kuhani alifungua chupa ya Babu mbele ya madhabahu, akamimina. Nilijificha nyuma ya ngoma.

Wa kwanza alikuwa Mzee Genpachi, mkuu wa wavuvi. Akanywa. Akatazama ndani ya kikombe. Akamtazama Babu. Shakwe akalia juu ya paa. Mbele ya miungu, siku ya zamu ya mtu, nani atamwaibisha mwenyeji?

"Laini," akasema.

Wa pili akasema, safi sana. Akafuata baba yake Siki. Huyu alikaa na kikombe muda mrefu kuliko wote. Alimtazama Bibi na kimono chake, kisha akasema kwa sauti kubwa, kila mtu asikie, kwamba sake hii ni laini kama maji, na kwamba nyumba yake ingetamani kuwahi kutoa sake kama hii. Akainama. Jinga! Hana hata ulimi wa kuonja.

Hatakeda alipokunywa alibadilika rangi akawa kama karatasi. Jina lake lilikuwa kwenye chupa. Akasema kwa taabu kwamba mwaka huu maji ya kisima yalikuwa mazuri.

Babu alikunywa mwisho. Aliyashikilia mdomoni. Akatazama boriti za dari. Halafu akazunguka ngoma, akanikabidhi kikombe chake na kusema, "Malizia, mjukuu wangu. Hii hata mtoto haimdhuru."

Mimi! Kijana wa kwanza katika historia ya kijiji kunyweshwa kabla ya umri wake! Babu ananithamini kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 9 Machi

Bwana Hatakeda alikuja asubuhi akiwa amevaa koti la sherehe, na chupa mbili kubwa za sake yake bora. Akaanguka kifudifudi mlangoni. Akasema bila shaka mfanyakazi wake alijaza chupa kwenye bomba la kuoshea, na hatapata usingizi maisha yake yote. Babu akasema haelewi, sake ilikuwa nzuri. Hatakeda akainama zaidi. Babu akainama zaidi yake. Bibi akawapita wote. Babu akaniambia na mimi niiname, tena chini kabisa, nibaki hapo hapo. Nilibaki mpaka chai ikapoa.

Kisha Babu akasema zawadi kubwa namna hiyo haiwezi kukosa mwenzake, na kwa bahati mbaya mtungi wa vibua umepungua ghafla, hajui vipi. Kwa hiyo atarudisha kitu kingine.

Alichorudisha ni mimi. Kila siku baada ya shule, na likizo yote, nioshe chupa kiwandani kwa Hatakeda.

Jumanne, 10 Machi

Vidole vimenyauka kama chenza la zamani. Nagisa ndiye msimamizi wangu. Huinua kila chupa kwenye mwanga na kunirudishia. Leo aliuliza kama hili nalo ni posa. Nilimjibu kwa ukali. Nilisema, "Hapana, asante."

Lakini nikitazama kwa jicho la msomi, nadharia yangu imethibitika kikamilifu. Nilitoa vibua, nikapata chupa mbili. Kijiji kizima kimeendeshwa na kichwa kimoja, na hakuna aliyeng'amua, Babu akiwa wa mwisho kabisa.

Chupa mpya ziko kwenye kijukwaa cha heshima. Ni pana kuliko ile ya kwanza, na zimekaa bega kwa bega. Nyuma yake nafasi imekuwa finyu, lakini riwaya imeingia nilipoikandamiza, na Bibi hawezi kuiona hata akipiga magoti. Nimebakiza sura mbili. Kesho asubuhi nitaivuta haraka kabla hajaamka.